Njugu Anapimwa

Jumatatu, 3 Februari

Simu ya shule imenikuta kazini, hedfoni kichwani, mteja ananifokea maji yamekatika mtaani kwao tangu juzi. Nikamwomba asubiri kidogo. Shule ikipiga saa za kazi roho inatoka mbio yenyewe. Kaanguka? Homa?

Wala! Ni mwalimu wake wa darasa. Anataka kumpendekeza Njugu apimwe kwa ajili ya darasa la vipaji. Nikauliza, Njugu yupi? Akacheka. Wa kwako, mama.

Anasema Ijumaa amegundua kuwa Njugu amemaliza kitabu cha hesabu. Chote! Cha mwaka mzima, na mwaka ndiyo kwanza unaanza. Peke yake, kimyakimya, wenzake wakiwa bado kwenye kuzidisha. Sasa anaazima cha darasa la juu kutoka kwa dada wa rafiki yake. Halafu mwalimu akashusha sauti: ila imla, mama, ni balaa. Akisoma maneno ili watoto waandike, Njugu anapata sifuri, au moja ya huruma. Hajawahi kuona kichwa cha namna hiyo — mlango mmoja wazi, wa pili umepigwa kufuli.

Nilirudi kwa mteja wangu na furaha mpaka akasahau hasira. Akaniuliza, kwani maji yamerudi?

Nashukuru. Hata sijui nashukuru kwa lipi hasa. Si mimi niliyemzaa. Lakini ni mimi niliyepigiwa! Baba yake ndiye aliyewapa namba yangu shuleni, wala hakuniambia.


Jumanne, 4 Februari

Nimewaambia mezani leo. Mume wangu, fundi wa lifti, katoka kazini na grisi mpaka kwenye viwiko. Akasema apimwe nini? Mtoto mzima yule, hana tatizo lolote. Nikasema si tatizo, ni kipaji! Akasema ndiyo hayohayo, wakishaanza kumpima mtu hawaachi mpaka wapate kitu.

Mama mkwe akadakia kwa sauti yake ile, utadhani anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto: "Mtoto si parachichi la sokoni, kila anayepita anabonyeza!"

Njugu alikuwa anakula huku anatutazama mmoja mmoja. Macho kwa baba, macho kwa bibi, macho kwangu, kama anayefuata mpira. Amefanana na baba yake, maneno yao wanayatoa kwa mgawo.

Baada ya kula nikamwita kutoka jikoni, nilitaka tuongee sisi wawili kuhusu hilo darasa. Hakuja. Nikaita tena. Nikachungulia: kakaa palepale anachora, mgongo kwangu. Hata bega halikutikisika. Bibi akaita mara moja tu kutoka chumbani kwake, na mtoto huyoo, kama mshale!

Mwaka na nusu sasa tangu niingie nyumba hii. Nikiwa mbele yake ananitazama usoni kama anasoma gazeti, ananijibu, hata anacheka. Nikigeuka tu, mimi si mtu. Mume wangu anasema mpe muda. Nampa. Wenzangu walioolewa penye watoto wamekutana na matusi na milango ya kubamizwa. Mimi nimekutana na kimya tu. Na kimya nacho nashukuru.


Jumatatu, 10 Februari

Kesho ndiyo kesho. Mume wangu amekubali — "ili uache kuniimbia." Bibi amemsuka Njugu nywele upya, eti akili zipate hewa.


Jumanne, 11 Februari

Amepimwa.

Mpimaji ni mwanamke mfupi, kavaa raba nyeupe, ana mkoba umejaa vibao vya rangi. Alimsalimia Njugu kwanza, sisi baadaye. Nikampenda hapohapo. Tuliachwa kwenye benchi nje ya chumba cha maktaba. Mume wangu amefunga lifti ya watu kwa saa mbili ili aje. Alikuwa anatikisa goti mpaka benchi zima linacheza.

Mapumziko Njugu katoka anang'aa. Vile vibao ni vitamu, anasema. Unaonyeshwa picha, unaijenga. Alimaliza vyote, mpimaji akatoa vingine kutoka chini kabisa ya mkoba ambavyo hata havikuwa na alama za vidole. Baba yake akaacha kutikisa goti.

Sehemu ya pili ilikuwa ya kusikiliza. Kurudia tarakimu kinyumenyume, kueleza maana ya maneno, imla kidogo. Huko katoka uso umekunjamana. Nikamuuliza vipi? Akasema, "Alikuwa anaongea huku anaandika." Basi. Kama vile kosa ni la yule mama!

Mpimaji akaniuliza kitu cha ajabu. Nyumbani runinga mnafungulia sauti kiasi gani? Nikamwambia tunaishi na mama mkwe, kwa hiyo mtaa mzima unajua habari. Nilicheka. Yeye alitabasamu tu, akaandika.

Njiani Njugu alinishika mkono kuvuka barabara. Huwa anashika ukanda wa mkoba. Leo mkono! Hata kama hatapata hilo darasa, siku yangu ilishapata daraja la kwanza.


Alhamisi, 13 Februari

Sijui nianzie wapi.

Tumeitwa wote wawili, na Njugu. Mpimaji akatandaza karatasi. Kwenye picha, kwenye mafumbo, kwenye hesabu za kusoma mwenyewe — juu kabisa. Anasema tangu aanze kazi hajaona wengi hivyo. Kwenye kusikiliza, chini. Chini mno. Ukichanganya na kugawa, hafikii alama ya darasa la vipaji. Anapungukiwa kidogo.

Mume wangu akasema, basi, tumesikia, ahsante, na akaanza kuinuka.

"Kaa kwanza, baba," akasema mpimaji. "Bado sijaanza."

Akatuonyesha imla. Alisema bata, Njugu kaandika pata. Alisema paka, kaandika maka. Alisema moto, kaandika poto. Makosa yote ya aina moja! Akatuambia, hebu mke na mume tazamaneni, mmoja aseme bata, kisha pata, kisha mata, bila kutoa sauti. Tukafanya, kama wapumbavu wawili. Midomo ya mume wangu ilifanya kitu kilekile mara tatu.

Hapo nikasogeza kiti karibu na Njugu.

Mpimaji akamgeukia Njugu, akamwuliza umri wake. Akajibu vizuri. Akauliza anapenda rangi gani. Akajibu. Halafu akachukua kitabu, akafunika kinywa chake, na kwa sauti ileile, wala hakuipunguza, akasema: "Njugu, una njaa?"

Njugu akabaki anatazama kitabu. Anasoma jalada!

Akauliza tena. Hakuna. Akashusha kitabu, akarudia. "Kidogo," akasema Njugu.

Mtoto hasikii. Sikio la kushoto pengine halisikii kabisa, anasema, na la kulia kwa shida, lakini kazi yake si kuhakikisha, twende hospitali. Muda wote huu mtoto amekuwa akitazama midomo na kujazia mwenyewe yanayobaki. Darasa zima, mwalimu kageukia ubao, yeye hapati kitu — ndiyo maana akaamua kujifundisha kwa kitabu. "Anayefanya hivyo kwa umri huu," akasema mpimaji, "mimi sihitaji vibao kujua ana nini kichwani." Amesema ataipeleka kesi yake kwenye kamati, lakini hawezi kuahidi.

Mume wangu alishika kiatu cha Njugu — kiatu, si mguu — akawa anafunga kamba iliyokuwa imeshafungwa.

Na mimi? Naandika hapa kwa kuwa hapana mtu mwingine wa kumwambia. Nililia. Wakadhani nalia kwa huzuni, mpimaji akanipa tishu. Huzuni ilikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kinarukaruka, siwezi kukizuia: hajanikataa! Hakunikataa hata siku moja! Kazini nimefundishwa sauti laini, ya chini, ya kutuliza watu wenye hasira, na nikaja nayo nyumbani. Bibi anapiga kelele, Bibi anapendwa. Kumbe! Mwaka na nusu nimekuwa nikimnong'oneza mtoto asiyesikia.


Ijumaa, 14 Februari

Bibi kaambiwa. Kakaa kimya mpaka tukaogopa, yule kukaa kimya si kawaida. Kisha akasema, ile homa. Njugu alipokuwa na miaka mitatu, mwaka uleule alipofariki mama yake. Homa ilimpiga wiki nzima. Alipopona kila mtu alimshukuru Mungu kwamba yu hai, nani angekumbuka kuangalia masikio? Maneno yakaanza kumtoka yamepindapinda baada ya hapo, wakasema ni utoto.

Mume wangu alitoka nje kutengeneza bawaba ya geti. Bawaba nzima kabisa.

Nilimfuata. Nikamwambia Mungu aliyekuokolea mtoto kwenye homa ile hakukosea. Akasema, "Nilikataa asipimwe." Nikasema lakini ulikubali. Akasema, kama si wewe kuimba. Basi, tukashika geti wote wawili, yeye afungue, mimi nifunge, kwa sababu lazima mtu ashike kitu.


Jumatano, 19 Februari

Hospitali, idara ya masikio. Foleni ndefu lakini wauguzi wana lugha nzuri. Njugu aliingizwa kwenye kijumba cha kioo, kavalishwa hedfoni kama zangu za kazini! Akanipungia. Akisikia mlio anainua mkono. Nilisimama nje nikitazama mkono ule. Ulikuwa chini muda mrefu sana. Halafu unapanda. Halafu chini.

Daktari wa masikio amethibitisha. La kushoto halina kitu. La kulia limebaki nusu, na hiyo nusu kifaa kinaweza kuisaidia. Halitazidi kuharibika, ndivyo anavyoamini. Nimeandika "anavyoamini" ili nisijidanganye. Akamwuliza Njugu, mbona hukuwahi kumwambia mtu kwamba husikii?

Njugu akashangaa. "Nilidhani ndivyo watu wanavyosikia. Kwa kutazama."


Jumatatu, 3 Machi

Kifaa!

Ni kidogo, cha rangi ya kahawia, kinakaa nyuma ya sikio la kulia kama panzi. Fundi wa vifaa hospitalini alikiwasha, akarekebisha kwa kompyuta, kisha akaniambia, mama, sema kitu. Hivi mtu husema nini? Nikasema, "Halo, karibu huduma kwa wateja." Jamani! Ndicho kilichotoka!

Njugu akanigeukia taratibu. Akaniambia, "Anti, kumbe una sauti."

Fundi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mume wangu hakujifanya chochote, aliyaacha machozi yashuke.

Nyumbani sasa ni vurugu. Friji linaunguruma — hakujua. Magoti ya baba yake yanalia akiinama — hakujua. Mlio wa mtu akitafuna umemchefua, amehama meza. "Dunia ina kelele za nini zote hizi?" Na Bibi! Bibi akafungua mdomo kumsalimia kama kawaida yake, Njugu akaruka, akaziba sikio, akalalamika, "Bibi, niko hapa!" Bibi kazi anayo. Amejaribu kunong'ona jioni nzima, anaonekana kama mtu anayeficha pipi mdomoni.

Kabla ya kulala nilimuuliza, siku zote ulikuwa unanifikiriaje, midomo inacheza tu? Akafikiri. Akasema alidhani nanong'ona kwa sababu sitaki Bibi asikie. Alidhani zote ni siri zetu. Kwa hiyo hata asipoelewa, alikuwa hamwambii mtu!

Bibi anasema sasa mtoto aanze kuniita mama. Nimemwomba aache. Anti inanitosha. Anti niliyesikika.


Jumanne, 4 Machi

Leo nilimwita kutoka jikoni. Sauti yangu ya kawaida.

"Nakuja!"

Hakuja, alikuwa anachora. Lakini alijibu! Kama watoto wote wa watu!


Alhamisi, 6 Machi

Mpimaji amepiga simu. Kamati inakaa Jumatatu, na mambo hayajanyooka. Njugu amerudia sehemu ya kusikiliza akiwa na kifaa na alama zimepanda, ila hajakizoea, kwa hiyo bado ni pale mpakani. Mwalimu mkuu ana wasiwasi. Anasema darasa la vipaji linakwenda kasi, mjadala mwingi, mtoto asiyesikia vizuri atachoka, huenda kungefaa shule nyingine yenye wataalamu wa watoto kama yeye. Si mtu mbaya, mpimaji anasema, anaogopa tu kumwonea mtoto. Mwalimu wa darasa la vipaji mwenyewe hajasema upande wowote.

Nilimwambia mume wangu. Akarudia lake la mwanzo: basi tumwache mtoto apumzike, kapata sikio, tuombe nini zaidi? Na kweli, nusu yangu inakubaliana naye. Tulichopata ni kikubwa kuliko tulichokwenda kutafuta. Mtu akienda kuteka maji akaokota pete, arudi tena kudai na maji?

Nikasema tumuulize mwenyewe. Hatukuwahi kumuuliza! Tumempima, tumembishania, hakuna aliyemuuliza.

Tukamkalisha, usoni kwake, polepole. Unataka kwenda darasa la vipaji?

"Ndiyo."

Baba yake: kwa sababu ya hesabu?

Akatikisa kichwa. Hesabu zipo kwenye vitabu, hata huku anazo. Lakini aliwahi kutumwa kupeleka daftari kule darasani, akachungulia. Sisi, akasema, tunakaa mistari, mimi naona visogo. Wale wamekaa nusu duara. Wote wanaonana uso. Akachora mezani kwa kidole, nusu duara, na vinukta vya vichwa. Mtu yeyote akisema kitu, unamwona.

Baba yake aliutazama ule mchoro usioonekana kwa muda. Kisha akauliza, Jumatatu saa ngapi? Anataka lifti zake zijue mapema.


Jumatatu, 10 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, shajara juu ya mkoba. Siwezi kukaa bure. Mume wangu yuko kulia kwangu, shati limepigwa pasi na Bibi mwenyewe, anatikisa goti.

Wako ndani watatu: mwalimu mkuu, mpimaji na raba zake, na mwalimu wa vipaji, kijana mrefu ana chaki kwenye mkono wa shati. Walitupokea vizuri, wakatusikiliza, wakamuuliza Njugu maswali mawili matatu, akajibu. Alieleza ile nusu duara. Mwalimu mkuu alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Sasa wametuomba tusubiri nje wakubaliane.

Mlango una kidirisha cha kioo. Sauti haipiti kabisa, nimejaribu.

Lolote litakalotoka humo, niandike hili kwanza: nashukuru. Nashukuru kwa mwalimu wa darasa aliyehesabu kurasa. Kwa mwanamke aliyeuliza habari za runinga. Kwa mume anayefunga lifti za watu. Wakisema hapana nitalia, nitanunua vitabu vya darasa la juu, na tutaendelea. Nimeandika. Isije ikasemwa nimeandika baadaye kujifariji.

Njugu yuko wapi?

Yuko mlangoni! Kasimama kwa vidole vya miguu, pua kwenye kioo. Nimemwambia toka hapo, si adabu kusikiliza ya wakubwa. Kanijibu bila kugeuka — bila kugeuka! — "Sisikilizi, Anti. Natazama tu."

Nimemwangalia baba yake ili naye amkemee. Msaliti yule kauliza, "Wanasemaje?"

Njugu anasema mwalimu mkuu kasema "kasi." Kasema "kuchoka." Kasema kitu na "huruma," au "heshima," hakikushikika. Mpimaji kainua karatasi, kasema "midomo." Sasa hivi mwalimu mkuu anakunywa chai, anaongea ndani ya kikombe, Njugu haoni kitu. Amekasirika. Anasema watu wazima hawajui kuongea.

Mume wangu kaacha goti.

Mwalimu wa vipaji ndiye anayeongea sasa. Njugu hapepesi. Kasema "nusu duara." Anachora mezani kwa kidole, hata mimi namwona kutoka hapa. Njugu anatamka pamoja naye, neno kwa neno, polepole: "Tukimweka... upande... huu... au huu." Mwalimu kashika sikio lake moja, sasa lile jingine. "Linalosikia... ni... lipi?"

Mpimaji anapekua karatasi zake.

Njugu amegonga kioo. Kwa ukucha, mara mbili, kama mtu mwenye miadi. Ameinua mkono, ameshika sikio la kulia, na anawajibu, kupitia kioo —

Wote watatu wamegeuka. Mwalimu wa vipaji ameanza kucheka. Mwalimu mkuu ameshusha kikombe, anamtazama Njugu, anatutazama sisi, anainuka, anakuja mlangoni — nafunga shajara.